Chujio Halijui Msiba

1

Mwanamke aliyefika mapokezi asubuhi ile alitaka kuonana na Chujio.

"Chujio si mtu, mama," msichana wa mapokezi alimweleza tena. "Ni programu."

"Kama si mtu, amewezaje kumfungia jirani yangu? Niitie. Kama yuko kwenye chai, nitamsubiri."

Walinzi walicheka. Tusekile Mwasaga, aliyekuwa akikatiza ukumbini na kikombe cha chai iliyokwisha kupoa, hakucheka. Chujio lilikuwa lake. Alilijenga yeye na mwenzake mmoja, Shija Lubinza, humu humu katika Ofisi ya Tathmini ya Shirikisho, jijini Dodoma, na leo saa nane mchana lilikuwa liwashwe nchi nzima mbele ya waziri. Tangu kulipopambazuka hakuwa amekaa kitini. Alikuwa na tabia, akishikwa na wasiwasi, ya kutembea huku na huko na kitu mkononi ili aonekane ana anakokwenda.

"Shikamoo, mama," alisema. "Mimi ndiye niliyemtengeneza."

"Marahaba. Kumbe wewe ndiye mama yake." Mwanamke alimtazama toka kichwani hadi miguuni, vile anavyotazamwa mzazi wa mtoto aliyevunja dirisha la watu. "Mwanao hana adabu."

Aliitwa Mama Chilongani. Alikuwa muuza mafuta ya alizeti wa Ipagala, na mtaani kwake hakuna msiba uliokwenda bila yeye kusimamia sufuria na michango. Alieleza haraka haraka, amesimama, kanga ya pili ikimteleza begani. Jirani yake Namsifu Mbaga, fundi cherehani, amefiwa na mumewe Eliamini, fundi wa pampu za visima. Maiti ipo mochwari. Wanamsafirisha Same, kwao, na gari limekwisha kuja. Dereva amesema jua likifika utosini kabla hajaondoka, haendi tena, maana ana msiba mwingine. Watu wamechanga. Na kwa kuwa siku hizi serikali haitaki mtu ashike fedha ya mwenzake, kila aliyechanga alituma moja kwa moja kwa mfiwa.

"Leo alfajiri kikuku cha Namsifu kimekuwa cheusi," alisema Mama Chilongani. "Maji yamekatika. Taa zimezimika. Tumekwenda mochwari, mlango unasoma kikuku unasema mtu huyu hatambuliki. Hebu niambie, mwanangu. Marehemu anatambulika, mfiwa ndiye hayupo?"

Tusekile alitazama kikuku chake mwenyewe, chembamba, chenye kijani kibichi kama cha kila mtu mwenye amani na serikali. Alimkabidhi msichana wa mapokezi kikombe.

"Nisubiri hapa," alisema.

"Nitasubiri. Lakini gari halitasubiri."

2

Inafaa ieleweke kwamba Tusekile hakujenga nyumba. Nyumba ilikuwapo. Iliitwa Msingi, mfumo mkubwa uliojengwa na wazee ambao wengi wao sasa walikuwa wanafuga kuku wa mayai, na kila ofisi iliruhusiwa kuweka programu yake juu yake. Maji yalipita humo, umeme, mishahara, nauli, hata mahari, na kila mtu alitambuliwa humo kwa kikuku cha mkononi. Anayejenga juu ya Msingi ni kama mpangaji: unakuta kuta, unakuta bomba, unaleta kitanda na mapazia yako, na unayakubali masharti ya mwenye nyumba hata yale usiyoyasoma.

Chujio lilikuwa chumba cha watoza kodi. Lilitazama kilichopita katika mabomba hayo, likakilinganisha na kipato ambacho mtu aliitangazia ofisi, na penye pengo likafunga kikuku mpaka mhusika ajieleze. Hakuna aliyeliambia mwizi anafananaje. Lilijifunza lenyewe kwa kuonyeshwa mifano mingi: huyu ana duka, huyu analima zabibu, huyu anaficha. Mifano aliiandaa Shija. Kwa mwezi mzima Chujio lilikuwa likijaribiwa katika kata chache za Dodoma, na magazeti yalikuwa yamelisifu kabla halijafanya chochote, kama ilivyo desturi ya magazeti.

Ghorofani, Tusekile aliliita jina la Namsifu kwenye kioo cha ukutani.

*Mfanyabiashara aliyejificha. Uhakika: mkubwa sana.* Fedha ndogo ndogo kutoka kwa watu zaidi ya mia tatu, katika siku mbili, wengi wao hawajawahi kumtumia kitu kabla. Kwa jicho la mashine lilikuwa duka lililochangamka ghafla. Tusekile aliipitia orodha kwenda chini. Akamkuta mwingine wa umbo lile lile, huko Hombolo. Mwingine Veyula. Walifika saba, na wote walikuwa na mtu aliyeondolewa katika hesabu ya walio hai wiki hii, ndani ya nyumba yao.

"Shija. Kwa nini Chujio halijui msiba?"

Shija alikuwa mtu wa makamo, mwili mkubwa, sauti ya kumbembeleza mtoto. Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena, akaivua.

"Niliitoa," alisema.

"Ulitoa nini?"

"Misiba. Kwenye mifano. Kila palipokuwa na rambirambi, nilifuta."

"Kwa nini? Data ilikuwa chafu?"

"Ilikuwa safi tu. Sikuona ni adabu." Alikuwa amejikunyata kwenye kiti chake kikubwa. "Mtu kafiwa, watu wanamletea chochote kitu, halafu mimi nimekaa hapa na kahawa yangu nahesabu nani katoa ngapi? Kwetu ukimpa mfiwa unakunja noti, mkono kwa mkono, hata wewe mwenyewe hutazami. Nikasema, haya si ya kuangaliwa. Nikaondoa."

"Ungeniambia."

"Ningekwambia ungesemaje?"

Tusekile alilijua jibu lake. Angesema umefanya vizuri, Shija. Angesema hivyo bila hata kugeuka, na akaendelea na kazi. Jambo hilo lilimuudhi kuliko kosa lenyewe. Wamelea mashine kwa heshima zote, wakaificha vifo kama anavyofichwa mtoto, na sasa mtoto amekua, ameingia msibani na kufunga mlango kwa nje.

"Mfungue basi huyu mmoja."

"Kwa mkono?" Shija alimtazama kwa huruma. "Mlango huo tuliuziba wenyewe. Ofisa akiweza kufungua kwa mkono, ofisa atanunuliwa. Wewe ndiye uliyesema, na mkurugenzi akakupigia makofi."

"Tuandike kanuni. Fedha yenye neno pole isihesabiwe."

"Kesho kila mwenye duka atapewa pole na wateja wake."

Alisema kweli. Tusekile alizunguka meza mara moja, akaizunguka tena. Dirishani upepo wa Dodoma ulikuwa umeanza kuinua vumbi, na chini kule, kwenye benchi la nje ya mapokezi, aliweza kuona kanga ya Mama Chilongani. Mwanamke yule hakuegemea. Alikaa wima kama mtu aliyekuja kudai mtoto wake shuleni.

3

Mkurugenzi Kaijage alikuwa mtu wa upole, na upole wake ndio uliomfanya kuwa mgumu kupingwa. Alikuja chumbani kwao, akasikiliza mpaka mwisho. Alisema masikini, mara mbili, na alimaanisha. Kisha akasogeza kiti karibu na kioo cha ukutani.

"Dawa ipo," alisema. "Tufungue Ukoo."

Ukoo kilikuwa chumba kingine ndani ya Msingi, kilichofungwa kwa lakiri ya sheria. Humo mlikuwa na nani ni shangazi wa nani, nani jirani wa nani, nani alikwenda kumzika nani. Msingi uliyajua hayo tu kwa kuwa kila kitu kilipita humo. Wazee walioujenga walikiona chumba hicho, wakaogopa, wakakifunga. Wangeweza kukifungua wajenzi tu wa programu iliyosajiliwa, kwa saini ya mmoja wao, saini ile ile iliyotakiwa kuiwasha programu yenyewe. Wajenzi wa Chujio walikuwa wawili, Tusekile na Shija. Mkurugenzi mwenyewe, pamoja na koti lake zuri, hakuwa na saini hiyo.

"Chujio likiuona Ukoo," Kaijage aliendelea, "litajua papo hapo kwamba hawa si wateja, ni wajomba. Wafiwa wote saba watafunguliwa leo leo. Na kesho hatafungwa mfiwa mwingine, nchi nzima. Sivyo unavyotaka?"

"Ndivyo."

"Na kuna faida nyingine, sikufichi." Aliinamisha kichwa kama anayetoa siri ya mapishi. "Bi. Mwasaga, nimetoza kodi miaka mingi. Mtu humdanganya mtoza kodi. Hamdanganyi mfiwa. Msibani kila mmoja hutoa kadiri ya hadhi yake, maana ndugu wanaona. Tukijua nani ametoa ngapi, tunajua nani anazo. Tumetumia mabilioni kutafuta kipimo cha utajiri wa watu, kumbe wanajipima wenyewe kila Jumamosi chini ya turubai."

Shija alitazama sakafu.

"Watu wataacha kuchanga," alisema Tusekile.

"Watachanga wanachoweza kukieleza. Kuna ubaya gani? Watu wa figo pale hospitali ya mkoa wanasubiri mashine zamu kwa zamu, wengine hawafikiwi na zamu. Mashine hizo hazinunuliwi kwa adabu. Wako matajiri katika jiji hili wanaolipa kodi ndogo kuliko mlinzi wao wa getini, unawajua, ninawajua."

Ilikuwa kweli. Hapo ndipo palipomkera: mkurugenzi hakuwa mwongo.

"Niruhusu nikuonyeshe," alisema Kaijage. "Lakiri inamruhusu mjenzi kujaribu kwa mambo yake mwenyewe. Una msiba wowote wa karibu?"

Tusekile aligusisha kikuku chake kwenye kioo. Mwaka jana alimzika mama yake, Tukuyu.

Majina yakaja. Hakuwa tayari. Aliona watu ambao kwa mwaka mzima alikuwa amewashukuru kwa usawa, wamepangwa kutoka juu hadi chini kama mbuzi mnadani. Mjomba Ambakisye mwenye malori, aliyelia kuliko wote, alikuwa chini kabisa. Rafiki yake wa chuo, aliyekuja kutoka Mwanza na kulala sakafuni, hakuwapo kabisa, maana alileta mchele na mchele haukupita Msingi. Na juu ya wote, juu hata ya ndugu zake wa tumbo moja, alikuwapo shangazi Lugano, muuza samaki wa Kyela. Pembeni mwa jina lake Chujio lilikuwa limekwisha kuandika kwa haraka yake ile ile isiyo na haya: *kipato kilichofichwa.*

"Hana kipato," alisema Tusekile. "Aliuza friji la samaki. Mama ndiye aliyemsomesha, akauza friji. Nilikuja kujua baadaye sana, kwa mtu mwingine."

"Basi atajieleza. Kwa upole."

"Ataeleza nini? Kwamba alimpenda wifi yake? Na msiba ujao atatoa nini, mkurugenzi? Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri."

Kaijage alitabasamu kwa masikitiko. "Moyo nao una kipato, Bi. Mwasaga. Nahitaji saini kabla ya saa nane. Ukichelewa, wale saba wanazidi kuteseka, na atakayewatesa si mimi."

Alipotoka aliufunga mlango taratibu, kama mtu anayemwacha mgonjwa apumzike.

4

Tusekile alijijua. Hilo ndilo lililomtisha. Akibaki na saini yake mpaka saa nane, ataitumia. Hataitumia kwa woga wa mkurugenzi wala kwa tamaa ya cheo, ataitumia kwa huruma. Atamfikiria Namsifu mbele ya mlango wa mochwari, kidole kitashuka chenyewe, na kesho yake shangazi Lugano ataitwa ofisini ajieleze.

"Kuna njia ya tatu," alisema, akarudi kwenye masharti ya mwenye nyumba, yale ya Msingi, kurasa ambazo hakuna mpangaji anayezisoma ila siku ya kufukuzwa. Yeye alizisoma mwanzoni kwa sababu ndivyo alivyo. Alikumbuka kitu. Shija alisogea nyuma yake, kiti kikilia.

Kilikuwapo. Kiliitwa udhamini. Kilitokana na siku za mwanzo, wakati vikuku vilipokuwa vikikosea na watu wakiachwa nje ya nyumba zao. Ofisa yeyote wa Shirikisho aliweza kumdhamini mtu aliyefungwa, kwa masharti ambayo wazee waliyafanya machungu makusudi. Aende mwenyewe mpaka alipo mtu huyo. Aseme kwa sauti yake kwamba anamjua, na Msingi utaisikiliza sauti kama inadanganya. Halafu kikuku cha ofisa kitafungwa mahali pa kile cha mdhaminiwa mpaka uchunguzi uishe, na muda wote huo saini yake haitahesabika popote.

"Hakuna aliyewahi kuitumia hii," alisema Shija.

"Nani angependa?"

Shija alisoma tena mstari ule wa mwisho, ule wa saini. Aliusoma polepole, midomo ikicheza. Kisha akamtazama Tusekile na kuelewa, na macho yake yakawa ya mtu aliyeona mwenziwe anavuka mto uliojaa.

"Uchunguzi wetu huwa unachukua miezi, Tuse. Utakaa bila maji. Utakaa bila mshahara."

"Nina mapipa."

"Na watamleta mwingine wa kusaini. Nipo mimi."

"Ndiyo," alisema Tusekile. "Upo wewe."

Hakumwambia afanye nini. Alikuwa hana haki hiyo, naye Shija ana watoto wanne na mkopo wa nyumba. Alichukua mkoba wake. Ukurasa wa udhamini aliuacha wazi kwenye kioo cha Shija, na orodha ya wafiwa saba pembeni, akatoka.

Mama Chilongani alisimama alipomwona. "Umempata huyo mwanao?"

"Simwezi, mama. Twende msibani."

"Mikono mitupu?"

"Mitupu."

Mama Chilongani alimpima kwa macho, mara hii kwa muda mrefu zaidi. "Haya," alisema. "Angalau unajua njia ya kuanzia."

5

Ipagala turubai lilikuwa limefungwa kutoka ukuta wa Namsifu hadi ukuta wa jirani, na barabara ya mtaa ilikuwa imezibwa bila mtu kulalamika. Wanaume walikaa kwenye viti vya plastiki wakizungumza kwa sauti ya chini kuhusu bei ya simenti. Gari lilikuwa mbele, dereva ameegemea mlango, akitazama jua. Alipita kijana wa kwaya akamwomba avumilie kidogo. Dereva alisema uvumilivu hautii mafuta, lakini hakuondoka.

Namsifu alikuwa ndani, juu ya godoro lililotandikwa chini, miguu ameinyoosha, katikati ya wanawake. Alikuwa mdogo kuliko Tusekile alivyomdhania. Kikuku chake cheusi amekigeuzia ndani ya kiganja, kama mtu anayeficha alama ya aibu.

"Pole, dada," alisema Tusekile, akapiga magoti.

"Asante. Nimeshapoa."

"Mimi natoka Ofisi ya Tathmini."

Mwanamke mmoja pembeni alisema, bila kunong'ona, kwamba Wapare wa Same wanajulikana kwa kupenda kesi, basi leo wamepata ya kuanzia. Mama Chilongani alimkata jicho.

"Sikuja kuuliza kitu cha kodi," Tusekile aliharakisha. "Nimekuja kukudhamini. Lakini lazima niseme kwamba nakujua, na siwezi kudanganya, chombo kinasikia. Na mimi sikujui. Niambie kitu. Kimoja tu, cha kweli. Cha huyu marehemu."

Namsifu alimtazama kwa muda. Huenda alifikiri mgeni huyu ana wazimu. Huenda siku mbili zote watu walikuwa wamemwambia asilie, ajikaze, Mungu anajua, na hakuna aliyemwomba aseme lolote.

"Alikuwa fundi wa maji," alisema mwishowe. "Vijiji vyote hivi, pampu ikigoma anaitwa yeye. Humu ndani bomba la jikoni linadondosha tangu tumehamia. Tone, tone, usiku kucha. Nikimwambia, anacheka, anasema mganga hajigangi. Nimelitukana bomba lile, dada, wewe acha tu. Nimelitukana na yeye nikamtukana. Alipofariki, usiku ule na uliofuata, lilidondosha tu. Nililala nalisikiliza. Nikawa najiambia ametoka kidogo, yuko kazini. Leo alfajiri limenyamaza. Nikaamka kwa ule ukimya. Ndipo nilipojua kweli hayupo."

Tusekile alijisikia aibu kali, ya moto, iliyompanda mpaka masikioni. Yeye ndiye aliyelinyamazisha bomba lile. Alikuwa amekaa ghorofani akiandika mstari mzuri, mfupi, wa kukata maji, na alijivunia ufupi wake.

Aliinua kikuku karibu na mdomo, akauita udhamini.

"Unamjua mtu huyu?" iliuliza sauti ya Msingi, sauti ya kizamani ya mzee fulani aliyerekodiwa miaka mingi iliyopita, yenye lafudhi ya pwani na subira.

"Namjua," alisema Tusekile. "Ni Namsifu, mke wa Eliamini fundi pampu. Amefiwa. Niko kwake."

Msingi ulifikiri. Nje dereva aliwasha gari, labda kutisha, labda kweli. Kisha kijani kikatoka kwenye mkono wa Tusekile kama taa iliyozimwa, na papo hapo kikawaka kwenye mkono wa Namsifu, kupitia vidole vyake vilivyofumba.

Taa ya chumbani ikawaka mchana kweupe. Na kutoka jikoni, kwanza ukaja mkoromo wa hewa ndani ya bomba, halafu kimya, halafu tone.

Namsifu alilia kwa sauti, kwa mara ya kwanza, na wanawake walimshika pande zote. Kelele za nje zikaanza: viatu, amri, mtu akiita wabebaji. Walikwenda mochwari na mlango ukafunguka. Wakaja na marehemu, wakamuaga, mchungaji akafupisha ibada kwa heshima ya dereva. Jua lilikuwa karibu kabisa na utosi gari lilipoondoka na Eliamini Mbaga na mkewe kwenda kwao.

6

Waliobaki walibaki na sufuria. Mama Chilongani alimkabidhi Tusekile steel waya na sufuria kubwa la pilau lililoungua chini.

"Asiye na fedha huchanga mikono," alisema. "Hukuleta kitu, na sasa hata ukitaka huna. Sugua."

Alisugua. Ilikuwa mara ya kwanza tangu alfajiri kwamba hakuwa akizunguka. Hofu ilikuwapo, alijua kwamba jioni atakuta nyumba yake giza, na mwisho wa mwezi atakuta mengine. Lakini miguu ilikuwa imetulia.

Simu ikalia, ya Mama Chilongani, maana ya Tusekile ilikuwa imekufa pamoja na kikuku chake. Mama Chilongani alisikiliza, akanyoosha mkono. "Bosi wako. Sijui nani kampa namba yangu."

"Bi. Mwasaga." Kaijage alikuwa bado mpole, lakini upole umeanza kuchanika pembeni. Nyuma yake zilisikika sauti za watu wengi. Waziri alikuwa amefika. "Saini yako inakataa. Nimejaribu kuiita mara tatu. Msingi unasema umefungwa."

"Ni kweli, mkurugenzi."

"Kwa kosa gani?"

"Nimemdhamini mfiwa. Siwezi kusaini. Niko msibani."

Alisikia mkurugenzi akipumua, akiunganisha mambo, maana hakuwa mjinga. "Umefanya makusudi," alisema. Hakuwa akiuliza.

"Ndiyo."

"Sawa. Tutaongea. Yupo Shija." Akageuza uso kutoka kwenye simu na kuita: "Shija! Mwiteni Shija aje asaini." Mtu alijibu kitu kwa mbali. "Ametoka? Ametoka amekwenda wapi, saa hizi?"

Tusekile alisimamisha steel waya.

Yule mtu wa mbali alijibu tena, na mara hii alisikika vizuri, msichana wa mapokezi, yule yule wa asubuhi. "Hajasema sana, bosi. Amevaa koti. Kasema anakwenda Hombolo, kuna msiba."

Akilini Tusekile alimwona Shija mwenye mwili mkubwa akipiga magoti kwenye chumba kidogo cha watu asiowajua, akitazama hatimaye kile alichokataa kukitazama. Akafuta jicho kwa mkono wenye sabuni, likamwasha.

"Wamebaki watano, mkurugenzi," alisema. "Majina yako kwenye kioo cha Shija. Na Chujio haliwezi kuwaka bila mjenzi. Maofisa wapo wengi ofisini, lakini lazima mtu aende mwenyewe."

Huko nyuma ya Kaijage mtu alianza kupima kipaza sauti, moja, mbili, moja, mbili. Mkurugenzi aliposema tena, sauti yake ilikuwa imechoka, na neno lililotoka lilimtoka kabla hajalizuia, kama linavyomtoka yeyote aliyelelewa huku akisikia vyombo vya msiba vikigongana upande wa pili wa simu.

"Poleni na msiba," alisema.

Mama Chilongani, aliyekuwa ameweka sikio karibu bila kujificha, aliichukua simu yake.

"Asante, baba, tumeshapoa," alisema. "Lakini pole ya simu si pole. Kuna wengine watano, nasikia. Njoo mwenyewe."

Akaikata, akaifutia sabuni kwenye kanga, akamsogezea Tusekile sufuria la pili.